Maji ya Celestina

Upande wa kulia wa mdomo wa Celestina ulicheka peke yake. Macho hayakucheka.

Candiru, wifi yake, aliutazama mdomo ule ukivutwa na kuachiwa, ukivutwa na kuachiwa. Vibandiko viwili vilikuwa vimegandishwa shavuni, na nyaya zake nyembamba ziliingia kwenye kimashine kisichozidi redio ndogo. Swaib, mtaalamu wa viungo aliyefika Arua kila Jumanne kutoka Koboko, alikuwa amekijaribu kwanza mkononi mwake mwenyewe, kisha akavipasha moto vibandiko kwa viganja ili visimshtue mgonjwa. Candiru aliuona wema huo, akauweka moyoni.

"Umeme unaukumbusha mdomo kazi yake," Swaib alisema. "Ukikumbuka, utafanya wenyewe. Mwekeeni asubuhi na jioni, dakika ishirini. Shingoni, hapana kabisa."

Alionzi, mwana wa Celestina, hakuuliza lini mama yake angekula wala lini angesema. Aliuliza lini ataweza kutema maji.

Swaib alicheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Pale kwenye mkeka, Peace, binti wa Alionzi mwenye miaka mitatu, alikuwa akiisha. Tangu abatizwe, homa ilimjia na kuondoka, ikamjia tena, na kila alipopimwa damu hakikuonekana kitu. Hapo nyumbani kwao, mtaa wa Oli mjini Arua, kila mtu alijua kilichomshika. Siku zile zile Alionzi alikuwa amebomoa jiko la mama yake ajenge vyumba vya kupangisha, na mama akamwambia mbele ya watu kwamba naye atajua kubomolewa kunauma vipi. Kabla hawajapatana, kiharusi kikaja, kikaziba kinywa cha Celestina.

Na uchungu wa mkubwa wa ukoo ukimshika mtoto, hauondolewi na mwingine. Aliyemfunga mtoto ndiye amfunguaye: huchukua maji kinywani, akamtemea mtoto utosini, na moyo ukapoa. Lakini midomo ya Celestina haikushika hata uji.

Ndiyo maana Candiru aliiacha mihogo yake kijijini Midia, akaja. Yeye ndiye shangazi, dada pekee wa marehemu baba yake Alionzi. Asingekaa mbali damu ya kaka yake ikizimika. Betty, mke wa Alionzi, alimpokea kwa magoti, akampa kitanda chake, yeye akalala chini. Wakamchinjia mbuzi.

"Leo munanikumbuka," Candiru aliwatania. "Siku ya ubatizo wa Peace munakula mbuzi muzima, shangazi munamwachia harufu tu."

Wote wakacheka, naye akacheka. Ila nyama hakuigusa. Alisema meno yanamsumbua.

Siku zikapita, na Alionzi akachoka kungoja. Asubuhi moja alimwinua mama yake, akamtia maji kinywani, akamwambia Betty apandishe mashine ili umeme uyasukume maji yamwangukie mtoto. Candiru akamshika Betty mkono.

"Mate ya mashine hapana mate," alisema. "Mutu analazimishwa kusamehe? Ni lazima itoke kwake."

Maji yakamchuruzika Celestina kidevuni. Candiru akamfuta taratibu kwa ncha ya kitenge chake. Celestina akamkazia macho, akamkazia tu, mpaka Candiru akageuka na kuanza kukunja shuka iliyokwisha kukunjwa.

Tangu siku hiyo Peace alilazwa kitanda kimoja na bibi yake; huenda pumzi ya mtoto ingemlainisha. Kila jioni Candiru aliwawekea kikombe cha maji, na kila asubuhi alikikuta nusu, akajua mtoto aliamka na kiu. Alikuta pia nywele za mtoto zimelowa utosini. Jasho la homa, alimwambia Betty. Siku ya tano, ya nane, ya kumi, nywele zimelowa, na mtoto mwepesi kuliko jana. Betty akaanza kuzifua nguo za Peace na kuzipanga moja moja kwenye mfuko, bila kusema anazipangia safari gani.

Jumanne moja Swaib hakufika; iliyofuata alifika, ila hakuiwasha mashine. Aliweka kipande cha karatasi kiganjani, akamwambia Celestina apulize. Karatasi ikaruka.

"Mdomo umeamka," Swaib alisema, akimtazama kwa mshangao. "Na si leo. Una siku nyingi huu."

Alionzi akaanguka magotini. Aliomba radhi ya jiko, akaahidi kulijenga upya pale pale lilipokuwa. Betty akamleta Peace mbele ya kitanda, kichwa kimemlegea begani. Candiru mwenyewe alijaza kikombe, akakifikisha kwenye midomo ya wifi yake kwa mikono miwili.

Celestina hakuyapokea maji. Alichezesha midomo kwanza, kama mtu anayejaribu mlango uliofungwa siku nyingi.

"Nilimtemea," alisema, pole pole. "Siku kumi. Kila alfajiri."

Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukainuka, ukakisukuma kikombe kirudi kilikotoka, mpaka ukingo wake ukagusa midomo ya Candiru.

"Bado wewe, wifi."