Mawe Yenye Adabu

Orest Hnatiuk alitazama huku na huku kama mwizi wa kuku, ingawa ua ulikuwa wake na jirani wa karibu alikaa ng'ambo ya shamba zima la kanola. Kisha akainua nyundo akakigonga kioo cha mbele cha gari lake. Kioo kikakataa. Akagonga tena, kwa hasira kidogo, na ufa ukatambaa taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati.

"Haya," akajisemea. "Jiwe."

Hiki kilikuwa kioo cha tatu tangu theluji iyeyuke. Cha kwanza kilivunjika kihalali: lori la kokoto lilimpita njiani kwenda mjini Yorkton, likamrushia jiwe. Alikwenda kwenye gereji ya vioo mjini, na huko akampata Gwen Desjarlais, mwanamke wa miaka sitini na ushee, mvi kazifunga kisogoni, mikono yake haijui haraka. Gwen alibandika kioo kipya, kisha akamweleza kwamba kazi bado. Nyuma ya kile kioo kuna kamera, ndiyo macho ya gari. Ndiyo husoma mistari ya barabara na kushika breki dereva akisinzia. Ukibadili kioo, macho yale yanaingia makengeza. Lazima yaelekezwe upya, na hilo hufanywa barabarani, gari likienda mwendo mmoja penye mistari inayoonekana vizuri. Gwen angeendesha. Na mwenye gari, alisema, ni vizuri awepo.

Wakaenda. Orest hakuwa ameketi kiti cha abiria tangu mkewe Sonia alipofariki, na alishangaa kujikuta anacheka. Gwen alikuwa na ulimi. Alimuuliza kama zile perogi, sambusa za viazi za kuchemsha, zilizoganda kiti cha nyuma zilikuwa chakula au vipuri. Wakayapita maghala ya nafaka, wakaipita Saltcoats, Gwen akiitupia jicho kompyuta yake mara moja moja na kusema kamera bado haijakubali. Ilipokubali, mchana ulikuwa umekwenda.

Orest alirudi nyumbani, akawasha redio, akaizima. Nyumba ilikuwa kimya kama siku zote, ila siku hiyo aliusikia ukimya wenyewe.

Wiki chache baadaye akaenda kuitafuta nyundo.

Mara ile ya pili, Gwen aliuinamia ufa kwa muda mrefu kuliko alivyopenda Orest.

"Bwana Orest, mawe ya kwenu yana adabu," alisema. "Hayampigi dereva. Yanapiga pembeni tu, upande wa abiria."

"Bahati yangu."

"Na hayaachi hata chenga kwenye boneti."

Orest akasema barabara ya kwao ina kokoto nyingi sana. Gwen akaitikia kwa kuguna, akaenda kuleta kioo.

Kamera siku hiyo ilikuwa kaidi zaidi. Walifika hadi mji wa Langenburg, na hapo Gwen akasema afadhali wapumzike, ipoe. Wakala pai kwenye mkahawa wa kando ya barabara. Gwen akamsimulia kwamba zamani alikuwa akipiga fidla kwenye harusi za kwao, St. Lazare, watu wakicheza mpaka viatu vinafunguka soli, na kwamba sasa fidla iko kabatini kwa sababu haina wa kuisikiliza. Orest alitaka kusema kwamba yeye ana masikio mawili na hayana kazi. Lakini mtu anayemdanganya mwanamke mwaminifu kama yule, ataanzia wapi kumwomba ampigie fidla? Alimeza kahawa, akasifu pai.

Tangu siku ile hakuwa na raha. Alikata shauri kusema ukweli. Angemwambia wakiwa njiani, wote wawili wakitazama mbele, mahali ambapo hata mwoga hupata ujasiri. Angesema ni yeye na nyundo yake, anaomba radhi, na kama Gwen hatataka kumwona tena, ataelewa. Lakini ili aungame ilibidi kwanza apate sababu ya kwenda. Ndiyo maana asubuhi hii alivunja kioo cha tatu, akanyoa ndevu, akavaa shati la kanisani.

Gwen hakuwepo gerejini. Alikuwa ameitwa shambani kubadili kioo cha trekta. Aliyekuwepo ni Terry Wasylyk, pande la mtu lililohamia kutoka mji wa Regina majuzi, la maneno machache. Orest alitaka kugeuza, lakini Terry alikwishanyoosha kiganja kupokea ufunguo.

Basi akaketi kwenye kiti cha plastiki na kahawa ya mashine, akiyapitia maneno yake kimoyomoyo. Huenda ingekuwa heri, aliwaza, amwambie huyu Terry wakiwa njiani, amfikishie Gwen ujumbe. Hapana. Hiyo ingekuwa aibu juu ya aibu. Alikuwa hajaamua wakati Terry alipotokea akifuta mikono na kumrudishia ufunguo.

"Tayari, mzee."

Orest akauliza kuhusu kamera. Terry akasema nayo tayari.

"Lakini hatujakwenda barabarani."

"Barabarani kufanya nini?" Terry akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Gari la aina hii kamera yake hurekebishwa humu humu ndani. Unaliegesha mbele ya ule ubao wenye miraba, unachomeka kompyuta, basi. Halitoki hata mlangoni."

Orest akaugeukia ubao, kisha akamgeukia yeye. Akamuuliza kama ana hakika.

"Hakika kabisa, mzee. Gwen ndiye aliyenifundisha."