Dole la Bi Mkasi

Tunu, karani wa wakili, alimgeuzia Bi Mkasi kompyuta baada ya kumsomea kiapo chake: shamba ni la marehemu mumewe, shemeji hana chake pale.

"Naweka wapi dole?"

"Hapa, bibi, chini ya jina lako."

Bi Mkasi akachovya dole gumba kwenye wino wa zambarau, akalikandamiza pale pale kwenye kioo.

"Nimeshaapa, mjukuu wangu. Sirudi nyuma."

Tunu alicheka, akachapisha kiapo, bibi akaweka dole jingine kwenye karatasi na kwenda zake.

Tunu alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia kioo wakati kiapo cha shemeji, kinachodai shamba ni lake, kilipoingia kwa barua pepe kutoka kwa wakili wake. Akakifungua. Alipoushusha ukurasa hadi penye sahihi, jina la shemeji lilikuja likatulia chini ya lile dole la zambarau kwenye kioo, likafunikwa.

Tunu akakirudisha kitambaa kwenye droo.