Shati Nyuma ya Mlango

Mjane wa seremala alikuwa ameketi kwenye sakafu ya bafu, amejifunga taulo, kichwa kikimzunguka kama pia. Wifi yake akausukuma mlango kwa kiwiko, kikombe mkononi.

"Kunywa. Ni tangawizi na asali. Yule tabibu wa Ayurveda, wa dawa za asili za Kihindi, amesema unaoga maji ya moto kupita kiasi. Kuanzia leo uoge ya vuguvugu, na dirisha liwe wazi. Unajichemsha kama kiazi, wifi yangu."

Akanywa. Kizunguzungu kikaanza kutulia.

Wifi akafungua dirisha, mvuke ukatoka. Hapo ndipo alipoliona shati la kazi likining'inia nyuma ya mlango, limeshika unyevu hadi mikononi.

"Na hili nalo? Litaota ukungu. Ngoja nikalifue."

"Usilifue," mjane akasema. "Likikauka halinuki kitu. Likipata mvuke ndipo..."

Wifi alikwisha kulitoa msumarini. Akasita, akaleta ukosi puani, akavuta pumzi taratibu. Vumbi la mbao, gundi, jasho la kaka yake. Akabaki vivyo hivyo, uso ndani ya shati, mabega yakimtetemeka.

Kisha akalirudisha msumarini, akalinyoosha mikono kama anayemvalisha mtu. Akafunga dirisha, akaketi sakafuni kando ya mjane.

"Maji ya moto yamebaki?" akauliza.