Jina Kwenye Shuka

Kila jioni, akishafunga genge lake la nyanya pale Chamazi, mama Sekela aliketi barazani kutarizi jina la mwanawe kwenye vitu vya bweni. Taulo lilikwisha, blanketi likakwisha. Leo alikuwa kwenye shuka la pili, sindano imefika herufi L, simu ilipoita.

Alikuwa mwalimu wa darasa la saba.

"Mama Sekela, majina ya kidato cha kwanza yametoka. Nimemtafuta Sekela kwenye shule zote za bweni za vipaji maalumu, hayumo. Kapangiwa hapahapa, shule ya kata, ya kutwa."

"Si ulisema ana A zote?"

"Anazo, mama. Ila wenye A zote ni wengi, nafasi chache."

"Sasa nikamwone nani, mwalimu?"

"Hakuna wa kumwona, mama yangu."

Simu ikakatika. Sindano ilining'inia kwenye uzi wake mwekundu, ikizunguka polepole.

Sekela, aliyeketi kando yake na kusikia yote, alilivuta shuka akalitazama.

"Sasa jina la nini tena?" alijaribu utani. "Humu ndani nani ataniibia shuka? Baba?"

Mama hakucheka. Utani ukamfia mtoto mdomoni.

"Mama, mie nimekosea wapi?"

Mama alilishika shuka upande wake, wakawa wamelishika wote wawili.

"Hujakosea popote, mwanangu," alisema. "Aliyetaka kwenda bweni ni mie. Tangu nikiwa na umri wako."