Kiboksi Kipya cha Mama

"Weka kidole, Mama, usinitie wazimu!"

"Siweki."

Mama alificha mkono ndani ya kanga. Kile kiboksi cha kuendeshea vifaa vyake vya kusikilizia kilikufa wiki iliyopita, akawa hasikii kitu. Nilibadili waya, nikakizima, nikakiwasha, wapi! Nikamletea kipya. Siku hizi vifaa havipitishi sauti ya mtu mpaka mwenye masikio aikubali kwa kuweka kidole kwenye kiboksi. Alishamkubali jirani yetu Bi Mize, mwadhini, mpaka muuza maandazi. Mimi mwanawe wa pekee, hataki.

"Nimekukosea nini?" Nilichuchumaa mbele yake anisome midomo.

"Wiki nzima umekaa hivyo hivyo, Mbwana. Unaniangalia, unaongea polepole. Nikianza kukusikia, utakuwa unanipigia kelele kutoka uani."

"Maneno gani hayo! Nina kazi zangu, Mama."

Alinitazama sana. Kisha akatoa mkono, akaweka kidole. Taa ya kijani ikawaka.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, baba."

"Haya, natoka. Usiniwekee chakula," nilisema huku nimeshampa mgongo, nikaenda zangu.