Wavu wa Kaburi la Musyimi

Kasiva aliukanyaga ule wavu wa chuma, ukabonyea. Akatikisa kichwa.

"Huu hapana. Nionyeshe mwingine."

Ulikuwa wavu wa tatu. Othman, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Emali, alimgeukia fundi Gedion kana kwamba anaomba msaada. Nyavu za BRC, zile za kuimarishia zege, zilikuwa zimeegemezwa ukutani, kuanzia nyembamba za sakafu ya veranda hadi nzito za sakafu ya godauni.

"Kwani unajenga nini, Mama?"

"Kaburi la mzee wangu."

"Pole sana. Lakini kwa kaburi, hii nyembamba yatosha. Hapo juu hapapiti lori."

Gedion naye alikuwa amemwambia hivyo hivyo njiani. Hakuwa fundi wa kumnunulisha mjane kitu asichohitaji.

"Mama Mutindi, kazi ya huu wavu ni kuzuia simiti isipasuke mchanga ukididimia. Ni hiyo tu."

"Na mtu akija na nyundo?"

"Huu mwembamba atakuwa ameumaliza kabla ya chai kuchemka."

"Na ule?" Kasiva alionyesha wa mwisho kabisa, vyuma vyake vinene kama kalamu.

Othman akacheka. "Ule, Mama, hata mwenye kaburi akitaka kutoka, hatoki!"

Kasiva hakucheka. "Basi nipimie huo."

Simu ikalia mkobani mwake. Akaitazama, akaikata. Ikalia tena, akaikata tena.

"Ni shemeji?" Gedion aliuliza.

"Watu hawachoki," alisema Kasiva.

Kathonzweni nzima, kijijini kwao, ilijua habari ya Nyamai, ndugu ya marehemu. Wazee wa ukoo walikuwa wameamua kwamba zile ekari nne za marehemu ni za Kasiva na binti yake Mutindi, kwa kuwa ni mjane na mume wake amelala pale. Nyamai alinyamaza karibu mwaka mzima. Halafu mwezi huu akasimama katikati ya soko akapiga kelele: "Hilo kaburi litafunguliwa! Na likifunguliwa, huyo mwanamke atabeba sufuria zake arudi kwao!"

Watu walimkemea. Mchungaji alimwendea nyumbani mara mbili, lakini wapi. Nyamai alimjibu kwa kicheko tu.

Gedion aliumia kwa sababu zake mwenyewe. Yeye na marehemu Musyimi walibatizwa siku moja, wakashika mwiko wa ujenzi siku moja, wakaimba besi kwenye benchi moja kanisani. Musyimi ndiye mtu pekee duniani aliyemwita Geda. Kisha akaenda Mombasa kutafuta kazi ya malori, na siku walipomrudisha alikuwa ndani ya sanduku lililopigwa misumari. Lori lilikuwa limeungua, na mwili haukutazamika. Kitambulisho chake kilipatikana katika begi lililorushwa kando ya barabara. Gedion hakuuona uso wa rafiki yake kwa mara ya mwisho, na kila usiku alimwomba Mungu amwondolee uchungu huo.

Ndani ya pikapu, wavu ukigongagonga nyuma, Kasiva alizungumza bila kuulizwa.

"Miaka tisa, fundi. Hakutuma hata kilo ya sukari. Alipiga simu mara moja tu, kuniambia ameshapata mtu wa kununua shamba." Aliukandamiza mkoba kwa mkono, simu ikitetemeka ndani. "Sasa amerudi nyumbani. Mimi nataka akae."

Gedion alijisemea kwamba huo nao ni upendo, wa aina yake.

Ijumaa akaanza kazi. Aliomba kwanza, kama alivyofanya siku zote kabla ya kumwaga zege. Akapanga biskuti za simiti, vile vijipande vya kuinulia chuma, na kuulaza wavu juu yake, usiguse udongo. Kikabaki kipande kirefu cha wavu.

"Hiki kitakufaa kwa mlango wa zizi la mbuzi," alimwambia Kasiva.

"Kiweke pale."

Kufikia saa kumi zege lilikuwa limelala sawa, liking'aa. Gedion akachukua msumari, akapiga magoti, akaandika polepole: MUSYIMI. Machozi yakamtoka, hakuyapangusa. Kasiva alikuwa amekwenda kwenye tangi kuteka maji.

Simu yake ikalia juu ya kiti, karibu na Biblia ya fundi. Ikanyamaza. Ikalia tena. Gedion akaona imetosha. Leo huyu Nyamai ataambiwa na mwanamume mwenzake. Akaichukua.

"Nyamai, mwogope Mungu!" alifoka. "Mwache ndugu yako alale!"

Kwanza zikasikika honi za malori. Halafu mtu akakohoa.

"Geda?" sauti nzito ilisema. "Ni wewe, Geda? Mbona unanipigia kelele? Hebu mwambie huyo mwanamke aache kunikatia simu. Nimeshuka Emali saa hii, Nyamai anakuja kunichukua."

Msumari ukamponyoka Gedion mkononi.

Kasiva alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo ya maji. Aliitua bila kumwaga hata tone, akaichukua simu, akaizima, akairudisha kando ya Biblia. Kisha akalitazama lile jina juu ya zege.

"Fundi," alisema, "mbuzi hawahitaji mlango. Hicho kipande nacho kiweke hapo juu, simiti ikiwa bado mbichi."