Mkanda wa Ushahidi

Siku hizi sheria haiamini maumivu ya mwanamke mpaka mumewe afungwe mkanda unaomwonjesha maumivu hayohayo. Mimi, miaka yote hii naumwa chini ya kitovu, naambiwa ni chango tu, ninywe mizizi. Leo, hospitalini, mume wangu, Mbaraka, alikubali kufungwa huku akicheka.

"Washeni basi, niwahi kazini."

Mkanda ulipowashwa alipiga yowe kama anayechinjwa. Alianguka, akajing'ata ulimi, damu ikamtapakaa kidevuni. Mimi nilisimama pembeni, tumbo likinikata vilevile, nimemshikia viatu.

Daktari alikuja mbio. "Machela! Mchomeni sindano ya maumivu, haraka!"

"Na mimi, daktari?"

Alinishangaa. "Wewe mama si umesimama? Nenda kampikie mgonjwa uji."